Mikanda ya ratcheti na maturubai ya PVC kwenye flatibedi: nimevitumia mwaka mzima njia ya Tunduma, haya ndo maoni yangu

Wadau wa barabara habari zenu. Nimeahidi muda mrefu kuandika kuhusu hivi vifaa maana kila nikipaki Mafinga au Makambako lazima aje dereva ashike turubai langu aniulize nimenunua wapi na shilingi ngapi, sasa naandika mara moja niseme yote. Mi naendesha semi, trela la flatibedi, lile bapa lisilo na kuta za pembeni, la mita 12 na nusu, kupanda tunapanda na mbolea kutoka Dar kwenda Zambia, kushuka tunashuka na shaba ikipatikana. Nina miaka tisa njia hii, mitatu ya mwanzo nilikuwa utingo.

Kwanza niwaambie kwa nini nilinunua. Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja nilikuwa na urea, mifuko 600 ya kilo 50, tani 30 kamili. Nimefunika na yale maturubai mepesi ya plastiki, yale ya rangi ya bluu ambayo kila mtu anayo, mawili, la mbele na la nyuma. Mvua imetukuta kuanzia Mafinga, ikatusindikiza mpaka Igawa, mi najua nimefunika vizuri sina wasiwasi. Tunafika Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, tunafungua kona tukague, utingo akaniita, "Kaka njoo ushike huku." Nashika mfuko naona umekuwa mgumu kama jiwe. Urea ikilowa haikauki ikarudi kama ilivyokuwa, inayeyuka kidogo halafu inashikana, mkulima hawezi kuimwaga shambani. Tukahesabu mifuko 41. Mteja akaikataa, bosi akanikata mshahara miezi mitatu na sikuwa na la kumjibu kwa sababu nilipolikagua lile turubai nikaona kosa lote ni la kwangu.

Turubai halikuchanwa na mvua jamani, hilo nataka mlielewe. Lilichanwa na upepo. Nilitandika la mbele kwanza halafu la nyuma nikalilaza juu yake, kwa hiyo pale yanapokutana mdomo ulikuwa unaangalia mbele, gari likikimbia themanini upepo unaingia kama kwenye puto, turubai linapepea, linasuguana na mpini wa ratcheti, kile chuma cha meno cha kukazia mkanda, usiku kucha mpaka linatoboka. Tundu lenyewe dogo tu, ngumi inapita. Tundu la ngumi limelowesha mifuko 41.

Baada ya hapo nikakaa na bosi, nikamwambia nikatie hela ya vifaa vya maana nami nitavitunza mwenyewe. Akakubali.

MATURUBAI

Nilienda Kariakoo. Duka la kwanza, jina sitaji, jamaa akanionyesha PVC, kile kitambaa kizito kilichopakwa plastiki, nzuri ya kijani, ananiambia "hii ni gramu mia sita na hamsini kaka, hii ndo yenyewe." Kwa wasiojua, PVC inauzwa kwa gramu kwa mita ya mraba, ndo kipimo cha unene na nguvu yake. Yale mepesi ya plastiki mengi hayafiki hata gramu 250. PVC ya trela unatafuta kuanzia 550, mi nilitaka 650, ukienda mpaka 900 ni imara sana ila uzito wake utawatesa wewe na utingo wako. Sasa nikamuomba kipande cha mabaki, akanipa. Nikakata mraba wa sentimita 10 kwa 10, rula nimebeba mwenyewe, nikaingia kwa sonara mtaa wa pili nikamuomba anipimie kwenye mzani wake wa dhahabu. Kama ni gramu 650 kweli kile kipande kinatakiwa kisome gramu 6.5, hesabu yake rahisi, mita moja ya mraba ina vipande mia vya namna ile. Kikasoma 5.2. Yaani nauziwa 520 kwa bei ya 650. Sikurudi kugombana, nikaenda duka lingine, nikaomba kipande, sonara akapima 6.4, nikanunua pale pale. Hiki kitu kifanyeni, sonara hawezi kukukatalia, wangu hakutaka hata hela.

Vipimo sasa, maana hapa ndo watu wanapigwa. Trela mita 12 na nusu kwa 2 na nusu, mzigo wa mifuko kimo chake weka mita 1.8, ukitaka turubai lishuke pande zote mpaka chini upana unatakiwa uwe mita 6 na kitu, weka 7 upate pindo la kukunja, na urefu mita 16 ili mbele na nyuma kushuke. Turubai moja la 16 kwa 7 ni mita za mraba 112, kwa gramu 650 ni kama kilo 73 likiwa kavu. Watu wawili mpandishe kilo 73 juu ya mzigo, tena jua la Kurasini, haiwezekani bila mtu kuumia mgongo. Mi nilichukua mawili ya mita 9 kwa 7, kila moja kilo 41, yanalaliana mita mbili hivi katikati. Jumla na ushonaji ilitoka kama milioni moja na laki mbili, bei zenyewe zinapanda na kushuka kwa hiyo msinishike na hiyo.

Fundi aliyenishonea namsifu kwa moyo wote. Alikunja pindo mara mbili na akapitisha kamba ndani ya pindo pande zote nne, halafu ndo akapiga pete kila nusu mita. Ile kamba ya ndani ndo siri. Ukivuta pete, nguvu inaishia kwenye kamba, PVC yenyewe haivutwi peke yake. Maturubai mengi ya kununua tayari hayana hiyo kamba, pete zimegongwa kwenye kitambaa kitupu, ndo maana unaona zinang'oka moja moja kama vifungo vya shati. Na pete mwambie aweke za shaba nyeupe au zisizoshika kutu, mi zangu chache zilikuwa za chuma cha kawaida, zimeshakula kutu na kutu yenyewe inakula turubai pembeni yake. Hapo ndo napunguza alama.

Baada ya mwaka hali yake ni hii. Turubai la nyuma kama jipya. La mbele lina viraka viwili, vyote kwenye kona ya kushoto, na pindo upande huo limefumuka kama sentimita thelathini. Viraka nilipiga mwenyewe na gundi ya PVC, unasugua na msasa kidogo, unafuta vumbi kwa petroli kwenye kitambaa, unasubiri ikauke, unapaka gundi pande zote mbili, unaacha mpaka ishike kidole, ndo unabandika. Hata tone halijapita. Maji hayajaingia kwenye mzigo wangu tangu siku ile ya Nakonde, na nimepita Makambako kwenye upepo ule mnaoujua.

NAMNA YA KUFUNIKA

Hili ni bure, halihitaji hela, hata kama una lile la bluu fanya hivi hivi. Tandika la nyuma kwanza. Halafu la mbele ndo lilale juu ya la nyuma, kama bati za nyumba, upepo ukija unapita juu hauingii. Kona za nyuma unakunja kama bahasha na mdomo wa mkunjo uangalie nyuma ya gari, kona za mbele nazo mkunjo wake uelekee nyuma, usiache hata mkunjo mmoja unaotazama kichwa cha gari. Ukimaliza zunguka gari ujiulize upepo ukitoka mbele utaingilia wapi.

Katikati ya mzigo weka kimo kidogo, sisi tunalaza mstari mmoja wa mifuko juu katikati kwa urefu, turubai linakuwa na mgongo. Mzigo ukiwa bapa maji yanatuama. Kidimbwi cha mita moja kwa mita moja chenye kina cha sentimita 10 ni kilo 100, fikiria vitatu vinne vya hivyo juu ya trela na unakaribia mzani, achilia mbali kwamba maji yaliyotuama yatatafuta tu pa kupenyea.

Kupepea ndo adui. Turubai linalopepea litakufa hata liwe la gramu 900. Mi nafunga mikanda mitatu juu ya turubai lenyewe, mmoja mbele kabisa, mmoja pale yanapolaliana, mmoja nyuma, halafu pete za pembeni nazifunga kwa mipira ya tyubu. Mipira ya tyubu ni ile tyubu ya ndani ya tairi unaikata vipande virefu, wazee walitufundisha na mpaka leo sijaona kitu kinachoizidi kwa turubai, maana inavutika upepo ukipiga na inarudi, kamba ngumu ingeng'oa pete. Ila tyubu ni ya turubai tu! Nimeona mtu amefungia mabomba ya chuma kwa tyubu pale Ruaha Mbuyuni, nikamsimamisha nikamuomba kabisa asipande Kitonga, ule mlima wa kona kali, vile. Alinisikiliza, nikampa mikanda miwili akanirudishia Ilula.

Kamba ya katani nayo naijua, nimeitumia sana nikiwa utingo. Ikilowa inakaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo asubuhi baada ya mvua unakuta mzigo uko huru. Kama ndo uliyonayo basi kaza kila jua likitoka.

Na kushika kona zake usifungie kwenye mipira ya upepo ya breki wala nyaya za taa, nimeona, na turubai lisifunike taa za nyuma wala namba ya trela.

MIKANDA YA RATCHETI

Hapa ndo nataka niongee sana kwa sababu madereva wengi wanachanganya. Turubai halishiki mzigo. Turubai ni nguo. Ukilikaza vipi halizuii tani 30 kusogea, mzigo unafungwa kwanza na mikanda, unasimama wenyewe, ndo unauvisha nguo. Kuna gari zinafunikwa vizuri kwa nje zinapendeza kabisa na ndani hamna hata mkanda mmoja.

Nilinunua mikanda 12 ya upana wa milimita 50, urefu mita 10, yenye hoku mbili, elfu thelathini na tano mmoja. Kitu cha kwanza kuangalia ni lebo. Mkanda wa maana una lebo imeshonewa, na rangi ya lebo inakwambia nyuzi zake, bluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Chukua bluu. Nailoni inavutika sana, unakaza Dar ukifika Morogoro imelegea. Kwenye lebo soma LC, hiyo ndo nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kubeba ukiwa kazini, yangu imeandikwa 2500 daN, na daN moja ichukulie kama kilo moja, kwa hiyo tani mbili na nusu. Muuzaji atakwambia mkanda huu ni wa tani tano, anakutajia uzito wa kukatika, we usifanyie hesabu na hiyo. Usiponunua mkanda wenye lebo hujui umenunua nini.

Halafu kuna STF, wengi hawaiangalii kabisa na ndo muhimu ukifunga kwa kupitisha mkanda juu ya mzigo. STF ni nguvu ambayo ratcheti inabakiza kwenye mkanda ukishavuta mpini kwa mkono wa kawaida. Yangu imeandikwa 350. Maana yake hata kama mkanda una uwezo wa tani mbili na nusu, mzigo unakandamizwa na kama kilo 350 upande huu na chini ya hapo upande wa pili.

Sasa twende na hesabu, nilikaa nayo usiku mmoja Tunduma foleni ikiwa imelala. Ulaya na Marekani kipimo chao cha kufunga mzigo ni kwamba ukishika breki ya nguvu mzigo unasukuma mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, na kwenye kona unasukuma pembeni kwa asilimia 50. Tani 30 inasukuma mbele tani 24. Msuguano wa mifuko na sakafu ya trela tuseme asilimia 30, hiyo inazuia tani 9. Mikanda kumi, kila mmoja kilo 350 mara pande mbili, ni tani 7 za kukandamiza, asilimia 30 yake ni tani 2 na kidogo. Jumla tani 11. Zinabaki tani 13 ambazo mikanda yako kumi haizigusi kabisa! Zinashikwa na nini? Na hedibodi, ule ukuta wa mbele wa trela, na zinashikwa vizuri tu kama mzigo umegusana nao. Ukiacha nafasi ya nusu mita mbele, siku ya breki mzigo unachukua mbio kwanza ndo unagonga ule ukuta, na nyuma ya ukuta upo wewe umekaa.

Kwa hiyo mimi hata makuli wanipigie kelele vipi, mfuko wa kwanza unagusa hedibodi. Wakati mwingine uzito hauruhusu, maana sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inapima kila kundi la ekseli sio jumla tu, ukijaza sana mbele utakamatwa kwenye mzani wa Vigwaza kabla hujafika hata Chalinze. Basi hapo unajaza ile nafasi kwa mbao, unasimamisha mbao kutoka hedibodi mpaka kwenye mzigo, zinakaa kama nguzo za kulala. Na mifuko ipangwe kama matofali ya ukuta, wa juu ukalie maungio ya wawili wa chini, usikubali wapange minara minara, mnara mmoja ukiegemea kona ya Kitonga unavuta mwenzake.

Mkanda unavyosimama wima zaidi ndo unavyokandamiza zaidi. Mzigo ukiwa mfupi, mkanda umelala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafu ya trela, nguvu ya kukandamiza inabaki nusu. Hili linatusumbua kwenye shaba, maana shaba ni nzito na fupi, bando moja tani mbili na zaidi na kimo chake hakifiki hata kiuno, mkanda unalala kabisa. Kule mi natumia minyororo ya milimita 10 ya gredi 70, yaani daraja la nguvu ya chuma chake, na baindi, kile chuma cha kukazia mnyororo, ule mmoja unaruhusiwa kama tani 3, na nafunga kwa kuzuia mbele na nyuma ya mabando sio kupitisha juu peke yake. Na kingo za yale mabamba ya shaba zinakata mkanda kama wembe, nishaona mkanda umekatwa nusu upana kutoka Kapiri Mposhi mpaka Mpika tu.

Kona ndo panapoua mikanda. Zile kona za plastiki ngumu ukizipata nunua, mi nilipata nane, tatu zimepasuka tayari kwa jua, sizisifii sana. Kipande cha tairi kuukuu kilichokunjwa kinafanya kazi vizuri zaidi na ni bure. Chini ya mpini wa kila ratcheti weka kipande cha turubai kuukuu ili usisugue turubai lako, mnakumbuka tundu langu lilianzia wapi.

Ufungaji wenyewe: pitisha mkanda kwenye upenyo wa ratcheti, vuta kwa mkono mpaka ulegevu wote uishe, ndo uanze kupiga mpini, mkanda uzunguke mara mbili au tatu kwenye mhimili. Ukizunguka mara moja tu unaweza kuteleza, ukijaza mizunguko mingi ratcheti inajaa na haifungi vizuri. Usiweke paipu kwenye mpini ili uvute zaidi, ratcheti imetengenezwa kwa nguvu ya mkono, paipu inapinda meno na siku ya kufungua mpini unakurudia usoni. Usifunge fundo kwenye mkanda, fundo linapunguza nguvu vibaya sana, kama mkanda umekatika umekwisha. Na badilisheni pande, ratcheti moja kushoto, inayofuata kulia, kwa sababu upande wenye ratcheti ndo unaokaza zaidi.

Alama za mikanda yangu: kati ya 12, minne nimeitoa kazini. Miwili nyuzi zimechanika pembeni, mmoja lebo imefutika na umekakamaa kwa jua, mmoja hoku imefunguka mdomo. Minane bado mizima. Kwa mwaka mzima wa safari sioni vibaya, ila ningejua mapema ningeilaza ndani ya boksi kila nikishusha mzigo, nilikuwa naiacha imening'inia kwenye reli ya trela inapigwa jua siku tatu nne hapo kwenye foleni. Jua linaiua kuliko mzigo.

KUKAGUA NJIANI

Mzigo wa mifuko unakaa. Yaani ukitoka Dar umekaza vizuri kabisa, mifuko inashuka na kujipanga na mtikisiko, mikanda inalegea bila mtu kugusa. Marekani sheria inamtaka dereva akague ndani ya maili 50 za kwanza, ni kama kilomita 80, halafu kila maili 150 au masaa matatu. Mi kwangu ni hivi: natoka Dar, nasimama Vigwaza baada ya mzani, nakaza yote. Kila safari, bila kukosa, siku hiyo karibu kila mkanda unakubali meno mawili matatu. Halafu Morogoro, halafu Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, halafu Mafinga. Baada ya hapo mzigo umeshatulia, nagusa tu Makambako na Uyole. Kugusa kwenyewe napiga mkanda kwa ngumi, ukilia kama ngoma upo sawa, ukicheza kimya unakaza.

KUPANDA JUU

Hili nawaomba sana hasa wenye utingo vijana. Watu wanaumia sana wakifunika. Mwenzangu alianguka akifunika, alikuwa anavuta turubai huku anarudi kinyumenyume, mzigo ukaisha yeye bado anarudi. Amepona lakini kiuno hakijakaa sawa mpaka leo. Ukiwa juu tembea ukiangalia unakoenda, turubai livutwe na walio chini kwa kamba mbili zilizofungwa kwenye kona, wewe juu unanyoosha tu. Ukivuta kwa pete na pete ikang'oka unaondoka nayo. Kukiwa na upepo subirini, kilo 41 za PVC zikishika upepo ni tanga la jahazi, dogo wa kilo 60 hawezi kulishikilia. Mi nimemnunulia utingo wangu buti za kushika na ngazi ya alumini tunayoifunga chini ya trela, na akisema leo kuna upepo nasubiri, simlazimishi.

NAWAPA NGAPI

Maturubai ya PVC nne kati ya tano, ile moja imeenda na pete za kutu na pindo la kushoto. Fundi tano. Mikanda nne. Kona za plastiki mbili. Ngazi tano na ningekuwa na uwezo ningempa kila mtu.

Kama hela ni kidogo na unauliza uanze na nini, anza na mikanda sita yenye lebo ya bluu na mbao, turubai la bluu livumilie kwanza ukilitandika kwa mpangilio nilioeleza na mipira ya tyubu ya kutosha. PVC ije msimu unaofuata. Ukinunua PVC kwanza mzigo wako utakuwa mkavu lakini uko huru, na kwenye ile kona ya Kitonga unataka ufungike.

Msimu wa mbolea umefika tena, wiki hii turubai la mbele lipo kwa fundi anabadilisha pete zote na kushona lile pindo, na nimeagiza mikanda minne kufidia ile niliyoitoa. Ile minne mibovu niliikatakata kwa kisu mwenyewe ili mtu asije akaiokota uwanjani akafungia mzigo, na vipande vyake ndo nimeviweka chini ya mipini ya ratcheti.